Skwaya wa Kaka Yangu

Jumapili iliyopita kaka yangu alipiga magoti mbele ya madhabahu, hapa Kitengela, akafanywa mzee wa kanisa. Watu wakapiga vigelegele. Mimi, rafiki yangu, nilibaki nimekaa. Nilikumbuka magoti mengine, na hasira ya miaka hiyo yote ikanipanda kama jambo la jana.

Tulikuwa tumepanga nyumba ya mabati karibu na machimbo ya mawe, miaka ya tisini, wakati pundamilia bado walikuwa wanapita nyuma ya choo. Kaka alikuwa darasa la saba, mimi la tatu. Mwalimu wake alimwazima kitabu cha Kiingereza kuhusu manaiti, wale askari wa farasi wa Ulaya ya kale. Jioni, mama akisonga ugali na omena ikinukia nyumba nzima, kaka alinisomea akitafsiri. Naiti hakupewa cheo hivi hivi. Alianza kama peji, mtoto wa kutumwa. Akikua anakuwa skwaya, wa kutunza farasi na silaha za bwana wake. Akivumilia, siku moja anapiga magoti, anaguswa bega kwa upanga, anainuka akiitwa Sir.

Kaka alijipa usir mwenyewe, bila magoti. Mimi nikawa peji, na muhula uliofuata akanipandisha kuwa skwaya. Wacha nikuambie kazi ya skwaya! Farasi wetu alikuwa punda wa koko, yule nyanya wa Kimaasai jirani yetu, aliyetuazima tuchotee maji. Kwenda kisimani, kaka alipanda, mimi nikavuta kamba. Kurudi, punda alibeba mitungi na mimi nikabeba upanga wa mbao wa kaka. Nilimfulia mashati ya shule, nikampigia viatu rangi, nikamkatia nusu ya mandazi yangu. Koko alikuwa akituona anacheka: "Kwetu hapana panda cheo mmoja. Rika yote napanda pamoja." Nikaona hajui mambo ya vitabu. Mimi nilikuwa na ahadi: siku ambayo kaka angeenda sekondari, angenifanya naiti, na mimi pia ningepanda punda.

Nilingoja miaka miwili. Siku ilipofika, watoto wote wa ploti walikusanyika machimboni. Nilivaa gauni la kanisa. Upanga wa mbao nilikuwa nimeusugua kwa mchanga, nikaupaka mafuta ya kupikia hadi ukang'aa. Nikamkabidhi kaka kwa mikono miwili, nikaanza kuinama. Yeye akamwita kijana wa mwenye lori, aliyekuwa amejiunga nasi wiki mbili tu. Lori la baba yake ndilo lingebeba sanduku la kaka hadi shuleni. Kijana akapiga magoti, akaguswa bega, akainuka Sir. Goti langu moja lilikuwa tayari limegusa chini.

"Na mimi?" nikamuuliza.

"Wewe ni msichana. Kitabu kimekataa."

Alipoenda, niliketi na kile kitabu na kamusi muhula mzima. Sikupata hata sentensi moja iliyokataza wasichana. Nilichopata ni kwamba bwana naye alikuwa na wajibu: kumlisha skwaya wake, kumfundisha kupanda farasi, kumpa silaha. Ukurasa huo kaka hakuwahi kunisomea. Aliuruka, nami nimeketi pale nimemtolea macho.

Aliporudi likizo ya Aprili nilimwekea ukurasa ule mbele yake. Akacheka. "Ai, si ulikuwa mchezo tu?"

Mchezo! Maji yalikuwa ya kweli. Mashati yalikuwa ya kweli. Ile nusu ya mandazi aliila kweli.

Siku hizi machimbo yamefukiwa, yamekuwa maghorofa, na wenzangu tukikutana huwa wanalilia nyasi na pundamilia. Mimi namlilia kaka niliyekuwa naye kabla ya siku ile. Huyu wa sasa ni damu yangu, nampenda, tunakula Krismasi pamoja. Lakini simwamini, aki, na kwa miaka hii yote hajawahi kuniuliza kwa nini.