Siku Wanawake wa Chilendu Walipovaa Suruali za Waume Zao

Ng'ombe wa Chilendu walianza kukohoa mwezi wa Oktoba, jua likiwa halina huruma na mabwawa yamebaki tope. Alitangulia fahali mmoja, wakafuata ndama. Bwana mifugo alikuja kutoka mjini, akachanja waliokuwa wazima, akaagiza wagonjwa watengwe, akasema kilichobaki ni kusubiri. Kusubiri ndiko kulikomshinda Dorkasi Lechipya.

Dorkasi alikuwa mama wa makamo, mkulima wa uwele na karanga, kiongozi wa kwaya ya akina mama na mke wa Stanley, mzee wa kanisa. Lakini kabla ya kwaya kulikuwa na muheme, ngoma ambayo kwa Wagogo hupigwa na wanawake, wakiibana katikati ya mapaja. Mama yake alikuwa mpigaji hodari. Na Dorkasi, akiwa binti mdogo, aliwahi kumfuata mama yake nyuma siku wanawake walipotoka kwenda kuutupa ubaya wa nchi.

Ilikuwa kazi ya wanawake tangu enzi za mababu. Mifugo ikifa ovyo, ilisemekana nchi imechafuka na wazee waliotangulia wamegeuza mgongo. Hapo wanaume walijifungia ndani. Wanawake walivaa nguo za waume zao, wakashika fimbo, wakapeleka ng'ombe malishoni, wakatambika kwenye kaburi la mzee wa kwanza wa nchi, kisha wakakimbia na ngoma hadi mpakani, upande wa machweo, wakautupa ubaya huko. Tangu mama yake afariki, hakuna aliyetoka tena.

Asubuhi moja Dorkasi alikwenda kwa mtemi Methusela, aliyerithi kutoka kwa baba yake mambo ya mvua na ardhi. Bila ruhusa yake tambiko halifanyiki.

"Mbukwenyi, Babu," akamwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mwanangu. Ni hao ng'ombe?"

"Ni hao. Nataka wanawake tutoke."

Mzee alifikicha macho. "Ruhusa ninayo, na dawa ya kuchanganya na unga nitakupa. Ila njia yenyewe siijui. Sisi tulikuwa tumefungiwa ndani, tungeijulia wapi?"

"Mimi niliiona nikiwa mtoto. Mengine nimesahau."

"Basi nendeni na hayo unayoyakumbuka."

Aliporudi alimkuta Stanley akiziba pengo la zizi kwa matawi ya miiba.

"Baba Penina, naomba suruali yako."

Stanley aliinuka taratibu. Hakuuliza ni ya nini. "Unajua mchungaji atasemaje."

"Najua."

"Na mimi ni mzee wa kanisa."

"Ndiyo maana siku hiyo utakuwa ndani."

Stanley alimtazama ng'ombe wake mkubwa, mama wa zizi zima, aliyesimama amenyoosha shingo akihema kwa taabu. "Chukua ile ya kaki," akasema. "Ya Jumapili uniachie."

Iliyobaki ilikuwa simu ya kumpigia binti yake Penina, mwanafunzi wa chuo kule Chimwaga. Dorkasi hakutaka mtoto asikie habari kwa watu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akamweleza yote.

"Mama, kwani wewe unayaamini haya?"

"Kanisani namwomba Mungu, na nitaendelea kumwomba. Huku naenda kuwaamkia walionizaa. Tangu nibatizwe sijawaamkia hata mara moja, Penina. Ni adabu gani hiyo?"

Penina akacheka kidogo, kisha sauti yake ikatulia. "Basi nakuja. Suruali ninazo."

"Zako ni za kike. Azima ya mwanaume."

Siku ilipofika, Dorkasi alitarajia kuona wanawake wachache tu. Wakaja wengi hadi uwanja ukajaa, wamekunja pindo za suruali, wamejifunga mikanda mirefu, wanachekana. Batuli, jirani yake Mwislamu anayeuza samaki wa bwawa la Mtera, alikuja na kanzu ya marehemu mumewe, akauliza kama itakubalika. Ikakubalika. Nyumba zote zilikuwa zimefungwa, na waume walikohoa ndani kama ng'ombe wao.

Kwenye kaburi, lundo la mawe ndani ya kichaka, vicheko vilikoma. Dorkasi alichanganya unga wa uwele na maji na dawa ya mtemi, akanyunyiza, akaanza kuwaita wazee kwa majina, kwa Kigogo. Alipofika kwenye jina la mama yake aliinama akagusa mawe. Penina akamshika mgongoni. Dorkasi akalitamka.

Kisha wakakimbia. Ngoma zilitangulia, ng'ombe wazima nyuma, vumbi jekundu juu ya wote, hadi kwenye korongo la mpakani. Hapo ndipo ulipoimbwa zamani wimbo wa kuutupa ubaya, na hapo ndipo Dorkasi alipogundua kuwa wimbo wenyewe umemtoka kichwani. Hata neno la kwanza hakulipata. Wanawake walimtazama wakisubiri.

Alihisi aibu ikimpanda usoni. Akashusha fimbo, akasema kwa sauti ya kawaida, "Jamani wazee, wimbo nimeusahau. Ni sisi, watoto wenu. Tumeuleta ubaya hapa. Tusaidieni, uishie hapa." Akaitupa fimbo korongoni.

Halafu Batuli akapiga muheme, ovyo kabisa, na wote wakazitupa fimbo zao na kupiga vigelegele.

Wiki iliyofuata mchungaji Raphael alikuja, akakaa kwenye kigoda akikwepa macho ya Dorkasi. "Mama Penina, umenipa mzigo. Itabidi ukae pembeni na kwaya kwa muda."

"Nimesikia, baba mchungaji."

Jumapili Dorkasi akakaa benchi la mwisho. Mmoja mmoja, wanakwaya waliokwenda naye korongoni wakashuka wakaja kukaa pembeni yake, mpaka mbele wakabaki wasichana wawili na kinanda. Mchungaji alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mbele ya waumini wote. Kabla ya Pasaka Dorkasi alikuwa amerudi mahali pake.

Ng'ombe mkubwa wa Stanley alikufa. Ndama wake walipona, na kikohozi kikaisha kijijini. Wapo wanaosema ni chanjo. Dorkasi habishani nao. Mwaka huu alikuwa wa kwanza kupeleka mifugo kuchanjwa.

Wimbo ulirudi wenyewe mwezi wa tano, akiwa anabangua karanga: ubeti wa kwanza, kisha wa pili, kwa sauti ya mama yake. Aliacha ungo akakimbia kwa Batuli kumwimbia, asije akausahau tena. Sasa Jumamosi jioni wanawake hukutana uwanjani kwake kujifunza. Penina huja kutoka Chimwaga na Yasinta, mwenzake wa chumbani kutoka Bukoba, ambaye ngoma humponyoka mapajani kila mara. Ubeti wa tatu bado una ubishi: bibi mmoja wa kijiji cha pili anadai una maneno mengine kabisa, na ameahidi kuja mwenyewe kuwaimbia.