Sajini Kiberiti na Ng'ombe wa Mjomba

Karatasi ya zamani iliyolala juu ya magunia ya mbegu za pamba ina harufu yake: mafuta kidogo, vumbi kidogo, na mkojo wa panya, ambao sijui namna ya kuusema kwa adabu zaidi. Juzi nilifungua kabati la mama nikitafuta cheti changu cha kuzaliwa, harufu hiyo ikanipokea, na cheti nikakisahau hapo hapo.

Aliyeileta nyumbani kwetu Bariadi alikuwa baba. Alikuwa mtunza ghala wa chama cha msingi cha pamba, na wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao, ghala lilibaki na popo. Mle ndani kulikuwa na kimaktaba cha elimu ya watu wazima. Siku ya kufunga milango baba aliambiwa kwamba boksi la magazeti ya katuni litachomwa moto. Akalibeba kichwani hadi nyumbani, mtu mzima na tai yake shingoni, na mama hakumwacha asahau.

Ndani ya boksi walikuwamo mashujaa watatu, kila mmoja na gazeti lake. Fundi Nyundo alitengeneza chochote kilichovunjika, kuanzia daraja hadi mguu wa mbuzi. Bi Tufani alipaa upepo ukijaa kwenye khanga yake. Na Sajini Kiberiti, mrefu, mwembamba, masharubu yamenyooka, akisugua vidole moto unatoka. Magazeti yao yalikuwa yamekufa kabla sijajua kusoma, na wenzetu wote walikimbilia vibanda vya video vilivyokuwa vinafunguliwa sokoni. Hakuna aliyewakumbuka. Lililoniuma zaidi ni kwamba toleo la mwisho lilimwacha Sajini akining'inia kwenye kamba juu ya mto wenye mamba, kamba imebaki uzi mmoja, na chini pameandikwa: Itaendelea.

Haikuendelea. Ndipo mimi na Minza tukaamua kuiendeleza wenyewe kwenye daftari.

Minza alikuwa binti wa mjomba wangu wa Migato, aliyekaa kwetu kwa ajili ya shule. Tulikuwa darasa la sita. Yeye alichora, mimi niliandika, na kusema kweli alinizidi kila kitu isipokuwa mdomo. Mpango wetu ulikuwa kuwakutanisha wote watatu ili Sajini aokolewe. Nikakwama mwanzoni kabisa: watu wa magazeti matatu, ambao hawajawahi hata kusalimiana, watakutana vipi?

Minza alinishangaa. "Si Sajini atapiga mwano?"

Mwano ni yowe letu la hatari. Likipigwa kijijini, kila anayelisikia hutoka mbio na alichonacho mkononi, hata kama hajui ni ng'ombe wa nani walioibwa. "Wakisikia watakaaje ndani?" aliniuliza, na kwake jambo lilikuwa limekwisha. Akachora mdomo wa Sajini uko wazi, na sauti yake ikivuka kurasa mbili nzima mpaka kwenye karakana ya Fundi Nyundo. Mimi niliyejiona mwandishi sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo.

Lakini Minza huyo huyo akaleta shida nyingine. "Hawa ni wa watu," alisema. Akanifanya niandike barua kwa anwani ya gazeti, kuomba ruhusa. Baada ya wiki nyingi barua ilirudi na mhuri: anwani hiyo haipo tena. Nikashangilia. Yeye alikaa akafikiri.

"Basi ni sawa na ng'ombe aliyepotea akaingia zizini kwako," alisema mwishowe. "Umeshatangaza. Mwenyewe asipotokea, unamlisha, unamkamua, maziwa unakunywa. Ila huuzi, na huchinji."

Hiyo ikawa sheria ya daftari letu. Mashujaa wangeweza kupigana, kuugua, hata kuoana, lakini hakuna kufa.

Daftari lilizunguka darasani likarudi limejaa alama za vidole vyenye mafuta ya mihogo. Nilionja umaarufu, na umaarufu ukanilewesha. Wavulana wa viti vya nyuma walitaka damu. "Afe mmoja basi!" walinipigia kelele. Ijumaa moja, Minza akiwa zamu ya kuchota maji, niliikata ile kamba, wenzake wakiwa bado njiani kumwokoa. Sajini Kiberiti akaanguka mtoni, mamba wakafanya kazi yao, na darasa zima likanipigia makofi.

Minza aliusoma ukurasa ule akiwa amesimama. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwenyewe akija, utamwambia nini?"

"Mwenyewe hayupo," nilimjibu nikicheka.

Akaweka penseli chini, na hakuchora tena. Tulilala chumba kimoja, tukala sahani moja, na kwa wiki mbili nikawa mpweke kuliko siku nilipopata surua.

Likizo ilipofika tulikwenda Migato. Asubuhi ya tatu mzee mmoja aliingia uani, miguu imejaa vumbi, ametembea kutoka upande wa Lalago.

"Mwangaluka," alisalimia.

"Mwangaluka, guku. Mhola?" mjomba alimwitikia, akimwita babu na kumjulia hali, kisha akampa kigoda na maziwa.

Mzee alieleza kwamba miaka mingi nyuma wezi walimswagia ng'ombe wake, na mmoja, mwekundu, mwenye sikio lililokatwa ncha, hakuonekana tena. Amesikia mnadani kwamba yuko hapa. Mjomba hakubishana. Alimpeleka zizini, na yule mwekundu alikuwa amesimama pale na mitamba yake miwili. Mzee alilishika lile sikio, akashukuru kwa mikono miwili.

Ila kulikuwa na mtoto wa tatu. Dume, mnono kuliko wote, aliyekuwa machungani na kundi la jirani. Pale nyumbani kila mtu alijua kwamba yule dume ndiye ada ya sekondari ya Minza. Mzee hakujua kama yupo. Mjomba alikohoa, akatazama chini, bado anatafuta pa kuanzia, na alipoinua macho Minza alikuwa amekwishatoka mbio.

Alirudi akimswaga yule dume mbele yake, jasho linamtiririka.

"Na huyu, guku. Ni wa kwako pia."

Mzee akamuuliza, "Nani alikuwa anamkamua mama yake?"

"Mimi."

Kwa desturi yetu aliacha mtamba mmoja kuwa shukrani ya malezi, akaondoka na wengine. Minza alikaa kuchambua choroko. Nilimsogelea, aibu imenijaa, nikamuuliza kama alikuwa anaomba mzee yule asije.

"Kila siku," alisema, bila kuinua uso.

Siku hiyo nilifuta ukurasa wangu hadi karatasi ikatoboka. Sajini akaangukia kwenye khanga ya Bi Tufani, aliyekuwa akipita chini chini juu ya maji. Minza alisoma, akachukua penseli, akachora. Sekondari alianza mwaka mmoja nyuma yangu, baada ya wazazi wake kulima pamba hadi migongo ikapinda.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba alikuwa anamwonea huruma mtu wa karatasi. Nilishakuwa na watoto wangu nilipokuja kuelewa kwamba yule ng'ombe mwekundu aliingia zizini kwao kabla Minza hajaanza shule. Alimkamua kila alipokuwa nyumbani, akijua ni wa mtu. Sheria aliyoiweka kwenye daftari letu haikuwa ya Sajini wala ya kunibana mimi. Alikuwa mtoto wa darasa la sita, anaogopa kwamba siku ikifika atashindwa, na alikuwa anajizoeza kurudisha.