Taa Isiyo na Skrubu

Jicho langu la kushoto lilienda na simu. Niliichokonoa kwa bisibisi, ncha ikatoboa betri, moto ukanirukia usoni. Hapa Kitengela wakasema ni uzembe wangu. Mimi wenye makosa nawajua: yule wa kiwandani aliyeibandika betri kwa gundi, na mwenye duka anayeambia watu, "Ikiharibika tupa, nunua ingine." Redio za zamani zilikuwa na skrubu nne. Hata mimi nikiwa darasa la tatu nilizifungua.

Kwa hivyo mama mmoja wa Kimaasai aliponiletea taa ya sola iliyokufa kwenye kibanda changu cha ufundi, niliigeuza, sikuona skrubu, nikaisukuma kwake.

"Hii siwezi, yeyo," nikamwambia, yaani mama kwa lugha yao.

"Huwezi ama unaogopa?"

"Naogopa. Nimebaki na jicho moja."

"Na mimi niko na kondoo wanazaa. Bila taa, fisi watamaliza boma."

Akavuta stuli. Kidole chake kikafuata mstari pale plastiki mbili zinakutana.

"Imeshikwa na nini?"

"Gundi."

"Kama ya viatu?"

"Karibu hiyo."

Akatoa kwa kikapu uzi wa naironi, ule wa kushonea shanga. Yeye hutengeneza ndala za shanga, na soli ikikaa vibaya huikata gundi kwa huo uzi. Hapo nikaanza kutamani kujua. Uzi hauna ncha ya kutoboa! Tukaianika taa juu ya bati la kibanda mpaka gundi ikalegea, tukaupitisha uzi, yeye upande huu, mimi ule, vuta nikuvute. Nikageuza uso.

"Sasa hilo jicho ukilificha, utaona na nini?" Akacheka.

Ikafunguka. Betri nzima kabisa. Waya mmoja tu ulikuwa umeachia. Nikauchomelea, taa ikawaka. Nilipochukua gundi nifunge, akaninyang'anya.

"Ukipaka hiyo, siku ingine nani ataifungua? Toboa matundu hapa kando."

Nikatoboa, akaishona kama kiatu.

"Na mvua, yeyo?"

"Nitapaka mafuta ya kondoo."

Akaondoka nayo jua likiwa bado juu. Nikajiuliza kama huko kiwandani kuna mtu amewahi kuuliza swali lake, siku ingine nani ataifungua. Kisha nikaburuta gunia la taa nilizokataa kugusa, nikazipanga juu ya bati, nikaenda kutafuta uzi.