Programu Iliyopatia Makofi ya Mama Konsolata

Siku yangu ya kwanza katika studio ya video pale Kasulu, Meneja alinikabidhi kamera ndogo ya kanda, ile ya kushika mkononi. "Kijana, kupiga picha kila mtu anaweza. Kazi iko kwenye kuhariri." Kuhariri ni kukata picha na kuunga vipande. Niliipenda kazi hiyo asubuhi ileile, na mpaka leo nikisikia kanda inazunguka, moyo unanienda mbio.

Baadaye nikahamishiwa tawi la Kibondo, chini ya Msimamizi, mama kutoka Tanga aliyemfuata huku mumewe mwalimu. Yeye alichagua programu ya kuhariri kwa mapambo yake: mioyo inayopaa, maua yanayomwagika, herufi za moto. Video za harusi za vijiji vya Kumsenga na Kitahana zote zilitoka na njiwa wa kompyuta.

Ndipo akaja Konsolata, binti wa familia iliyotoka Burundi na sasa ni raia. Alishika kanda moja. Marehemu mama yake alirekodiwa Mtabila, enzi za kambi ya wakimbizi, akipokea wageni wa kipaimara.

"Kaka, Jumamosi naagwa, naenda kuolewa. Sina picha yake nyingine. Nataka aingie ukumbini na sauti yake."

Nikaunganisha kamera na kompyuta, nikadaka picha, yaani nikazitoa kwenye kanda na kuziingiza kwenye mashine. Programu ya mioyo ilizipokea vizuri, ila kadiri video ilivyosonga, sauti ilibaki nyuma.

"Mbona sawa tu?" akasema Msimamizi. "Tia maua, mwanangu. Nani atatazama midomo?"

"Bosi, tazama mikono."

Huku kwetu mwanamke akisalimia wageni hupiga magoti, akapiga makofi taratibu, nao humwitikia kwa makofi. Mama Konsolata alipiga, akatulia, mikono ikarudi pajani, ndipo mlio ukasikika. Msimamizi akacheka hadi akaketi. "Wageni wameshakaa, ndiyo salamu inafika!"

Programu ya pili ilipatia makofi, lakini kwenye kurenda, pale kompyuta inaposhona vipande viwe video moja, ikagoma kabisa. Ya tatu ilikuwa kavu, ya kijivu kama ukuta wa ofisi ya kata. Makofi yakakaa mikononi! Niliruka.

"Haina hata ua moja!"

"Haina, bosi."

"Sherehe ikipooza, utawaeleza wewe."

Jumamosi ukumbini, kwenye kitambaa cheupe, mama akapiga magoti. "Amahoro," akawatakia amani kwa Kirundi. Kofi na mlio vikatua pamoja. Konsolata, na gauni lake lote, akashuka chini akapiga makofi. Shangazi zake wakafuata, kisha meza hadi meza.

"Mungu wangu," Msimamizi akaninong'oneza, "wanamwitikia."

Sasa nimeacha studio. Simu zimetupokonya kazi, nami naranda kati ya Kasulu na Kibondo nikiwahamishia watu kanda zao za nyumbani kwenye kompyuta. Vijana hunitaka nitaje programu bora. Sina jina. Chukueni kanda ya bibi yenu, tafuteni anaposalimia, jaribuni programu ya kwanza bila ua lolote. Makofi yakilia nje ya mikono, ifuteni, leteni nyingine. Mkiipata mtajua, maana mtajikuta mmeshaitikia.