Hina Edani

Boti ya Siyu ilikuwa iondoke saa sita, maji yakiwa bado yamejaa. Yakishapwa, mkondo wa kuingilia kijijini hubaki tope, abiria wakashushwa mbali na kutembea. Bi Ruba alikuwa amelisema jambo hilo mara mbili tangu waingie hospitalini, mara ya pili akiitazama saa ya ukutani kana kwamba ndiyo iliyomkosea.

"Mgonjwa si mimi," alisema pale mlangoni, "lakini wa kumbeba mtu mgongoni topeni ni mimi."

Mtu mwenyewe alikuwa wifi yake, Bi Mwanaarabu, aliyekaa mbele ya meza ya mfamasia na mikono yake imefichwa ndani ya buibui. Hakucheka. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na uvimbe wa saratani ya utumbo aliokwisha kukatwa Mombasa. Mumewe alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, na eda yake haijaisha. Alitoka nyumbani kwa ajili ya matibabu tu, na Bi Ruba, dada wa marehemu, ndiye aliyefuatana naye kila Jumatatu hadi hospitali hii ya Lamu.

Mfamasia aliitwa Mahfudha. Mzaliwa wa Mkomani, alisoma chuo kikuu Nairobi, akarudi na shahada na tabia ya kuzungumza upesi ambayo mama yake hakuipenda. Miaka kumi na tano alikuwa amekaa katika chumba hiki cha dawa, na katika kazi zake zote aliyoiogopa ilikuwa hii ya vidonge vya saratani. Dawa ya sindano mgonjwa huipata akiwa kitandani, mbele ya wauguzi. Vidonge huenda navyo kwake, ng'ambo ya maji, akavimeza mahali ambapo hakuna anayemtazama.

Woga huo aliupata kwa Bwana Shekhan wa Mbwajumali. Mgonjwa huyo Mahfudha alimweleza vizuri, akamrudia, akamwandikia. Kila alipokuja alimuuliza hali, naye akajibu Alhamdulillahi, kama anavyojibu muungwana yeyote hata roho ikiwa kooni. Kumbe alikuwa anahara. Alihara siku sita bila kumwambia mtu, na alipoletwa kwa boti alikuwa amekauka, hana hata mate ya kutamkia shahada. Hakuna aliyemlaumu Mahfudha. Mjane wake alimletea kamba wabichi, akamshukuru kwa juhudi. Mahfudha alikaa na ile shukrani miaka mitatu kama mtu aliyemeza mwiba.

Tangu hapo hakuuliza tena hali. Aliuliza mara ngapi. Na vidonge hakutoa zaidi ya vya wiki moja.

Dawa ya Bi Mwanaarabu ilimezwa siku kumi na nne, asubuhi na jioni baada ya chakula, kisha siku saba za kupumzika. Leo ilikuwa siku ya nane ya duru ya tatu. Mahfudha alimuuliza kuhusu choo. Mara moja kwa siku, alijibiwa. Mdomo? Mzima. Homa? Hapana. Majibu yalikuja upesi, kila moja mahali pake. Mahfudha alirudia maonyo yale yale ya kila wiki: ukihara zaidi ya mara nne, midomo ikichubuka, viganja au nyayo zikiwaka moto, siku hiyo hiyo...

"Niache dawa, nipige simu," alimalizia Bi Mwanaarabu, na pakiti ilikuwa imekwisha kutoweka ndani ya buibui.

Ilibaki sahihi. Bi Mwanaarabu alizoea kuandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa chuo cha Kurani, uliopinda vizuri, na Mahfudha aliupenda kuliko ukurasa wote wa daftari. Leo aliitazama kalamu bila kuigusa.

"Nitie kidole," alisema.

Mahfudha alimsogezea pedi ya wino. Kidole gumba kilitoka ndani ya buibui polepole, kikagusa wino, kikagusa karatasi, kikarudi. Muda mfupi tu. Lakini Mahfudha alikiona: kilipakwa hina, si ya maua, hina nzito iliyofunika ngozi yote. Na alama iliyobaki daftarini ilikuwa doa tupu, laini, haina mstari hata mmoja wa kidole, kama ya ngozi iliyoungua.

Mjane akiwa edani hapaki hina. Hatii wanja, hajifukizi udi. Mtoto wa kike wa Lamu hulijua hilo kabla hajajua kufunga ushungi, na amefundishwa pia kwamba akiona jambo la aibu kwa mkubwa wake, hugeuza uso. Kumuuliza Bi Mwanaarabu habari ya hina mbele ya dada wa mumewe ni sawa na kumuuliza anajipamba kwa ajili ya nani. Neno hilo lingefika Siyu kabla ya boti.

Saa ilisema sita kasoro dakika kumi na mbili. Bi Mwanaarabu alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa vifundo vya mikono, anajiandaa kusimama. Akitoka na pakiti ile, atameza siku saba bila kuonwa na mtu.

Mahfudha alimwomba Bi Ruba aende gatini akamwambie nahodha asubiri kidogo.

"Yule? Hamsubiri hata mkewe." Bi Ruba alikuja kumshika wifi yake mkono ili amwinue, na mkono ukatoka wote. Akaachia. Akasema kwa sauti ya chini, "Hina, Mwanaarabu? Ndugu yangu hata miezi mitatu hajatimiza."

Bi Mwanaarabu hakujitetea. Aliinamisha kichwa, akaikubali ile tuhuma, na hapo ndipo Mahfudha alipoogopa kwelikweli. Mtu aliyekubali kudhaniwa hivyo anaficha jambo ambalo kwake ni zito zaidi.

Alifunga mlango, akarudi, akapiga magoti sakafuni. Alivuta soksi ya mgonjwa. Ilikuwa imegandamana na wayo, na Bi Mwanaarabu aliuma upindo wa buibui. Chini ya hina ngozi ilikuwa imebanduka vipande vipande, na ndani yake pekundu, pabichi, panatoa maji.

Bi Ruba alijishika mdomo.

"Hina hupoza," alisema Bi Mwanaarabu. "Na hufunika. Msingeona."

Alieleza akitazama ukuta. Kule Mombasa, kitanda cha pili yake, palikuwa na mwanamke aliyemeza vidonge hivi hivi. Madaktari wakamwambia aviache. Mwezi haukuisha, akafa. Tangu siku hiyo kwake kuachishwa dawa kulikuwa ndiyo hukumu yenyewe.

"Ukinitwalia hivi, mwanangu, umenizika kabla sijatoka eda."

"Ukivimeza leo, vitakuua wewe kabla ya ugonjwa," alisema Mahfudha. "Dawa hii huua kila kinachokua upesi. Saratani, na ngozi ya nyayo, na utumbo. Tukikupumzisha, ngozi ikirudi, daktari hukuanzishia tena kwa kiasi kidogo. Wengi huwa hivyo."

"Waapa?"

Mahfudha alitaka kuapa. Neno lilikuwa ulimini.

"Siwezi kuapa. Damu yako sijaiona. Nakwambia ninachokijua." Kisha akauliza, "Choo ni mara ngapi?"

Bi Mwanaarabu alimtazama wifi yake, si mfamasia.

"Jana mara tisa. Leo sikuhesabu."

"Nami nalala chumba cha pili," alisema Bi Ruba, na sauti yake haikuwa na hasira tena, ilikuwa ya mtu aliyefungiwa nje.

Mahfudha alimpigia simu Daktari Kirimi. Maneno yalikuwa machache: alazwe sasa hivi, awekewe dripu, damu ichukuliwe, na vidonge asiguse hata kimoja. Alipokata simu, ya Bi Ruba ikaita. Alikuwa nahodha. Bi Ruba alimsikiliza akamwambia aende zake, kisha akavua leso aliyojitanda chini ya buibui, akachutama na kuizungushia miguu ya wifi yake, taratibu, bila kumtazama usoni.

Kiti cha magurudumu kililetwa. Bi Mwanaarabu alikaa, na pakiti bado ilikuwa kwake. Mahfudha hakunyosha mkono kuipokonya. Alisubiri, akihesabu dakika ambazo hakuwa na uhakika kama anazo. Hatimaye ile mikono ya hina ikaitoa pakiti, ikaiweka mezani kwa viganja viwili, kwa kuwa vidole havikukunjika.

"Iandike jina langu," alisema. "Usije ukampa mtu mwingine."

Mahfudha alishika kalamu. Aliandika jina lote, la baba na la babu, kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wake mbaya, na Bi Mwanaarabu hakukubali kusukumwa mpaka alipolisoma.