Kinshasa, nani atamsindikiza mke wangu?

Kosa ambalo watu wengi hufanya wanapofikiria kuhama ni kuupima mji wanaouendea: hospitali zake, umeme wake, watoto waliotangulia huko. Vyote hivyo vinafaa kupimwa. Lakini wanasahau kumpima mtu anayehamishwa, waone ni nini atakachoweza kukitumia akifika. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, na hata hivyo jambo hili nimelijua uzeeni.

Admini, naomba ufiche jina langu na la mtaa wetu. Nina miaka sabini na minne, mwalimu mstaafu, mkazi wa Lubumbashi. Wazazi wetu, wangu na wa mke wangu, walitoka kaskazini ya Katanga wakifuata kazi ya reli. Sisi tumezaliwa hapa, tukabatizwa hapa, tukaoana hapa. Mtoto wetu aliyebaki hai ni mmoja, binti, naye anakaa Kinshasa na mume wake.

Mke wangu ana ugonjwa wa kusahau. Kifaransa ndicho kilichotoka kwanza, yeye aliyekuwa akinisahihisha makosa yangu. Majina ya wajukuu yakafuata. Mimi ananiita Papa, kama alivyoniita siku zote, lakini siku hizi sijui kama anamwona mume wake au baba yake. Amebakiwa na Kiswahili chetu cha hapa na adabu aliyolelewa nayo. Niwaeleze kwa nini adabu hiyo ni kitu kikubwa.

Kila asubuhi hufungua mlango wa uzio akatoka, na miguu yangu haiwezi tena kumfuata. Mwanzoni majirani walimwambia, "Mama, umepotea, rudi." Alikasirika, akalia, akazidi kwenda. Aliyepata njia ni Mama Odile, muuza makala, yaani makaa ya kupikia, wa kona yetu. Alimkuta karibu na barabara kubwa, na hakumwambia kwamba amepotea. Alimwambia, "Mama, miye niko naenda. Unisindikize kidogo."

Kwetu mgeni haagwi mlangoni. Unatembea naye kipande cha njia, na mwanamke aliyelelewa vizuri hawezi kukataa. Mke wangu alimshika mkono akamsindikiza, wakizungumza habari za sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, mpaka mbele ya mlango wetu wenyewe. Hapo Mama Odile akashukuru na kuaga. Mke wangu akaingia ndani ameridhika, kama mtu aliyemaliza kazi njema.

Tangu siku ile mtaa mzima umejifunza. Fundi viatu, wanawake wanaotoka misa, hata vijana wa pikipiki huzima injini na kuomba wasindikizwe. Mama Odile hunitania: "Mwalimu, bibi yako ananipenda kupita weye. Weye hakusindikizi hata ku mulango." Tunacheka. Kicheko kingine nyumbani mwetu hakipo.

Majira ya baridi yaliyopita nilianguka uani. Nilikuwa nasikia, ila mwili haukunitii. Mke wangu alikuja, akanifunika kitenge chake, akakaa kando yangu akiimba kwa Kiluba, lugha ya wazazi wetu, wimbo wa kumlaza mtoto. Hakuita mtu. Aliona nimelala. Jua lilizunguka uani mpaka Mama Odile alipoleta makala na kutukuta.

Binti yetu aliposikia alitupeleka Kinshasa tukajaribu. Sitamsema vibaya. Chumba kilikuwa kizuri, daktari karibu, na yeye mwenyewe alimwogesha mama yake. Lakini asubuhi moja mke wangu alitoka. Watu wa Kinshasa si wabaya: walimuuliza kwa Lingala, akawajibu kwa Kiswahili, wakabaki wanatazamana. Mwenye duka la dawa alimpa kiti na maji, na jioni ndipo tulipompata. Kuanzia hapo binti akafunga mlango kwa kufuli. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Mke wangu alizoea kusimama pale, ameshika kufuli. Siku moja akanigeukia: "Papa, mugeni anaenda peke yake. Nani atamusindikiza?"

Akaanza kukataa chakula, nikaomba turudi.

Hapa amerudia kula na kutembea. Anayepungua sasa ni mimi. Daktari amesema moyo wangu umechoka, na binti yetu anajua. Juzi aliniambia kwa simu, bila kupandisha sauti: "Papa, weye ukianguka tena, mama atakuimbia mpaka ufe. Na kisha, majirani watamurudisha kwa nani?"

Neno hilo limenikaa kifuani. Tukihama, nitakufa nikijua mke wangu ana mtoto wa kumlisha, na kila asubuhi ataamkia kwenye kufuli. Tukibaki, atakuwa na mtaa mzima wa kumrudisha nyumbani, mpaka siku ambayo nyumbani hapatakuwa na mtu. Ndugu wa damu hapa hawajabaki. Msichana wa kuishi nasi tumejaribu kumpata. Wanakuja, wanaogopa, wanaondoka.

Jumapili binti anafika kutuchukua, naye atataka jibu. Nimemuuliza mwenyewe mke wangu anataka kukaa wapi. Aliniangalia kwa upole, akaniuliza kama nimekula. Miaka yote aliyokuwa na akili zake tulizungumza juu ya kila kitu, uzee tukauachia kesho.

Basi ninyi mnaosoma, hasa mliowahi kumhamisha mzazi wa namna hii, nawaomba mniambie bila kunionea haya: nimpeleke, au nimwache kati ya watu wanaojua kumrudisha?

Na wewe ambaye baba au mama yako bado anaweza kujibu, nenda leo ukakae naye, umuulize anataka kuzeekea wapi.