Tundu la Sita la Kibao cha Viko

Enzi zetu, Mwingereza akiwa bado ndiye mwenye amri, mtoto wa huku juu ya Sekei hakununuliwa kitu cha kuchezea. Mpira tulifunga kwa majani makavu ya mgomba, na mwanasesere alikuwa gunzi la mahindi lililovishwa kitambaa. Wajukuu zangu nikiwaeleza hivyo wananitazama kwa huruma, kisha wanarudi kwenye simu zao kugombana na watu wasiowajua. Nami nawahurumia, basi tunakuwa sawa. Lakini upo mchezo mmoja sijawahi kuwasimulia, kwa sababu naona aibu.

Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, chini kidogo ya kwetu, alihama. Vitu alivyoviacha vilitupwa shimoni nyuma ya nyumba, nasi watoto tukavishukia kama kuku kwenye jaa. Binamu yangu Elifuraha alipata chupa ya bluu. Mimi nikapata kibao cha mti mwekundu, kimenakshiwa pembeni, chenye matundu sita yaliyopangwa safu. Sikujua ni cha nini. Baba mdogo, aliyewahi kupika kwenye nyumba ile, alicheka sana aliponiona nacho.

"Hicho ni cha kupangia viko. Yule bwana alikuwa na kiko cha asubuhi, kiko cha jioni, na cha Jumapili akitoka kanisani."

Nilishangaa mtu mwenye mdomo mmoja kuhitaji viko sita. Hata hivyo nikashikwa na hamu ya kukijaza kile kibao. Senti sikuwa nayo, ila mikono ninayo. Kiko cha kwanza nilitengeneza kwa gunzi, nikalitoboa kwa msumari wa moto na kuchomeka kijiti cha mwanzi. Cha pili kilikuwa kokwa la parachichi, kikajikunja kilipokauka. Viwili nilifinyanga kwa udongo wa mto Themi, kimoja kikapasuka, nikakiziba kwa nta. Cha tano alinichongea Elifuraha kwa mti wa kahawa, naye akala mgawo wangu wa loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa ya mgando, siku mbili nzima. Tundu la sita likabaki wazi, na kesho yake ilikuwa siku ya wazazi shuleni, siku ya kuonyesha kazi za mikono.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na kiko kimoja tu. Babu alimchongea kabla hajafa, na shingo ya kiko hicho ilikuwa nyeusi ya kung'aa kwa kushikwa miaka mingi. Wanawake wazee wa kwetu walivuta tumbaku bila wasiwasi, ila mchungaji hakupenda, kwa hiyo bibi alivutia upande wa nyumba walikolala ng'ombe, na kiko akakichomeka kwenye majani ya paa juu ya kitanda chake. Mimi ndiye niliyempelekea kaa la moto kila jioni. Asubuhi ile, alipotoka kukamua, nikakichomoa. Nilijiambia nitakirudisha mchana.

Shuleni alikuja mgeni, mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia. Alivipita viko vyangu vitano, akakiinua cha bibi, akakigeuzageuza. Mwalimu akaninong'oneza, "Mpe mgeni, ni heshima kwa shule." Nikakitoa kwa mikono miwili, nikapiga goti, watu wakapiga makofi. Mungu anisamehe, niliyafurahia makofi yale.

Jioni nilimkuta bibi amepekua majani ya paa hadi yamejaa kitandani. Hakuweza kuwauliza majirani, maana wote tulisali nao kanisa moja. Aliniuliza mimi.

"Mjukuu wangu, kiko changu hukukiona?"

"Sijakiona, bibi. Labda ulikiweka mahali pengine."

Aliketi, akaanza kuyakusanya yale majani. "Labda," akasema.

Ningeweza kusema palepale. Ningechapwa, yakaisha. Sikusema siku ile, na siku iliyofuata ikawa ngumu zaidi. Bibi alitafuta majivuni, kwenye zizi, kwenye mifuko ya kahawa. Mama akaanza kumfuatilia kwa macho. Maziwa yakiganda vibaya, ni bibi. Jembe lisipoonekana, ni bibi. Mama hakuwa mtu mbaya, alimwambia kwa upole, "Mama, pumzika tu, kuni na moto nitaangalia mwenyewe." Siku moja bibi mwenyewe alimrudisha mdogo wangu mchanga mikononi mwa mama.

"Mchukue," alisema. "Mimi siku hizi naweka vitu nikasahau. Nisije nikamweka na huyu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Hakumbeba mtoto tena hadi alipofariki, na watoto watatu zaidi walizaliwa nyumbani kwetu.

Leo mzee akipoteza simu, mjukuu anaipigia, inalia chini ya mto, wote wanacheka. Nawasema vijana wa sasa kila siku, kwamba hawana adabu, hawajui kuamkia mtu mpaka wakumbushwe. Sisi tuliamkia kwa goti, shikamoo haikukauka mdomoni, na bado nilimwamkia bibi yangu kila asubuhi huku nikijua nilichomfanyia. Watu huniambia kwamba kwa umri wangu nina kumbukumbu nzuri sana. Bibi naye alikuwa nayo, na alikufa akiamini hana.